Kukataa na kudharau kwa Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu visawe vyake

Kwanini nihangaike na maneno ya kukataa na kudharau, si bora nianze na maneno ya kawaida?

Haya ndo maneno ya kawaida. Ukiomba kazi utajibiwa kwa mojawapo, ukisoma habari za siasa kuna kiongozi kakataa mapendekezo na mwenzake kambeza, ukiangalia tamthilia lazima kuna mtu kapigwa chini, na watunga mitihani wanayapenda sana kwa vile yako mengi na yanafanana ukiyatazama juujuu. Halafu ni eneo ambalo ukikosea neno watu hawaishii kucheka, wanachukia kabisa, maana kati ya "I must decline" na "I reject you" pana ugomvi mzima hapo katikati.

Kwani "refuse", "reject", "decline" na "deny" si yote ni kukataa?

Kwa Kiswahili ndiyo, na shida inaanzia hapo hapo. Kukataa kwetu kunabeba kila kitu: mtoto kakataa kulala, kamati imekataa ombi, mshtakiwa kakataa kwamba aliiba, gari limekataa kuwaka. Mwingereza kwenye sentensi hizo nne anabadilisha neno karibu kila moja, na hachagui kwa bahati nasibu, anaangalia nini kinakataliwa.

"Refuse" linapenda kitendo, yaani mtu hataki kufanya jambo: "she refused to sign", "he refuses to apologise". Linachukua pia kitu ulichopewa au ruhusa uliyoombwa, "they refused him entry". "Reject" lenyewe halitaki kitendo hata kidogo, linataka kitu ambacho kimeshaletwa, kikaangaliwa, kikaonekana hakifai: pendekezo, hoja, maombi, mswada, hata figo, maana mgonjwa akipandikizwa figo na mwili wake ukaikataa wanasema "the body rejected the kidney". Kwa hiyo "he rejected to come" ni kosa, tena ni kosa ambalo utalikuta hadi kwenye ripoti za watu wenye digrii zao, sema "he refused to come" uishi kwa amani.

"Decline" ni kukataa kwa adabu, mwaliko au ofa, na linakubali kitendo pia: "she declined to comment", ile ambayo waandishi wa habari wanaiandika kila siku mtu akigoma kuongea. Kadi ya benki nayo ikigoma ni "declined", mashine nayo ina adabu zake. Na "deny" kwa kweli ni kukana, unakana kwamba jambo ni kweli, "he denied stealing the phone". Ukiandika "he refused that he stole the phone" utaeleweka ila msomaji atakunja uso. Deny ina kazi ya pili, kumnyima mtu kitu, "he was denied access", hiyo iweke pembeni kama neno jingine kabisa, usijichanganye.

Na gari likikataa kuwaka?

"The car won't start." Unaweza kusema "the car refuses to start", wenyewe wanasema, ila ina hasira na utani kidogo ndani yake kama vile gari lina akili. Breki zikikataa ni "the brakes failed", na mtandao ukikataa ni "the network is down". Usiandike kwamba breki zili-refuse.

Kuna listi ya visawe 30 vya "reject" nimeipata, niikariri yote?

Hapana. Mimi ningepewa mamlaka ningefuta ile alama ya "sawa na" kwenye listi zote za namna hiyo, maana ndo inayoharibu. Inakwambia reject ni sawa na spurn ni sawa na veto ni sawa na jilt, sasa mtu anakuja kuandika "the committee jilted our budget" wakati jilt ni kumwacha mchumba, na anashangaa kwanini watu wanacheka.

Kuna na sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Watafiti wa ufundishaji lugha walishaipima hii: Thomas Tinkham mwaka 1993, halafu Robert Waring akarudia mwaka 1997 kwa watu wanaozungumza Kijapani, na wote wakakuta kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana ukiyasoma kwa pamoja yanakuwa magumu zaidi kuyashika kuliko maneno yasiyohusiana, kwa vile yanaingiliana kichwani. Ukijifunza scorn na spurn siku moja, yote mapya kwako, wiki ijayo utakumbuka kwamba kuna moja linaanza na s, basi.

Sasa visawe vina faida gani kama ni hivyo?

Vina faida kubwa, ila kwa neno ambalo tayari una jirani yake unayemjua vizuri. Shika kwanza moja, tuseme "reject", litumie mpaka likuzoee, ndipo umlete "spurn" na ujiulize swali moja tu: huyu mgeni ana nini ambacho yule hana? Jibu ni kwamba spurn ni kukataa kwa dharau, kumuonyesha mtu kwamba alichokuletea hakina hadhi ya kufika mbele yako. Hiyo tofauti ndo unaiandika kwenye daftari, pamoja na sentensi nzima yenye mtu anayekataa na kitu anachokikataa, siyo neno peke yake na tafsiri yake pembeni.

Hata kile kitabu cha visawe maarufu kuliko vyote, cha daktari wa Uingereza Peter Mark Roget kilichotoka mwaka 1852, hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayejifunza lugha. Roget aliyapanga maneno kwa mawazo badala ya kufuata alfabeti, ili mtu mwenye wazo kichwani atafute neno ambalo tayari analijua ila limemtoka. Anayejifunza akiingia humo bila kamusi ya kawaida pembeni atatoka na neno zuri la kumuaibisha. Tumia kamusi za wanafunzi wa Kiingereza, zile zenye alama za kukwambia hili ni rasmi, hili la mtaani, hili la kizamani, na zenye mifano ya sentensi. Mifano ndo mali.

Naomba nipangie ukali wake, kutoka laini kwenda kali.

Haya, chukua jambo moja tu, mtu kakuletea ofa. Ukiandika "I declined the offer" umekataa kwa heshima, mlango haujabamizwa. "I turned it down" ni hiyo hiyo ila ya mazungumzo, ndo utakayoisikia zaidi midomoni mwa watu, na haina ubaya wowote. "I refused it" umekaza, kuna msimamo hapo, pengine ulibembelezwa. "I rejected it" umeipima ukaiona haifai. "I rebuffed them" hapa umeshahama kutoka kwenye ofa ukafika kwa mtu mwenyewe, wamekusogelea kwa nia ya urafiki au mazungumzo na wewe ukawasukuma, ndo maana linatembea sana na habari za nchi mbili zinazotafutana kupatana na mojawapo ikagoma. "I spurned it" umekataa na umedharau juu yake.

"Brush off" iko pembeni kidogo: ni kumjibu mtu hivyohivyo, bila hata kumsikiliza, kama anavyofanya bosi mwenye haraka. "He brushed me off." Hajakukataa rasmi, na ndo maana inauma zaidi, huna hata cha kukatia rufaa.

Tukija kwenye dharau yenyewe, "contempt", "disdain" na "scorn" zinatofautianaje?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na ndo linalojibiwa vibaya kuliko yote, wengi wanakwambia zote ni dharau halafu wanaendelea na mambo mengine.

"Contempt" ni ile hukumu ya ndani, umeshaamua kwamba fulani si chochote si lolote, hastahili heshima. Inaweza kukaa kimya miaka. Mtu mwenye contempt na wewe anaweza akakusalimia vizuri tu kila siku na usijue. "Scorn" imetoka nje, ina mdomo, ina kicheko, ina maneno ya kuchoma, ndo maana wanasema "pour scorn on", kummiminia mtu au wazo lake. Contempt haizoeleki sana na maneno hayo hayo. "Disdain" ni ya aliyejikweza, huyu hataki hata kugombana, anajiona yuko juu mno, anageuza uso. Linafanya kazi kama kitenzi pia: "she disdained to answer", yaani kujibu tu kungemshushia hadhi.

Jaribu kwa watu watatu wamesimama mbele ya mchoro mbaya. Wa kwanza anautazama, hasemi neno, moyoni kashammaliza mchoraji: contempt. Wa pili anaangua kicheko na kusema kwa sauti kwamba hata mtoto angechora bora: scorn. Wa tatu hata hajasimama, kaona rangi kwa mbali kapita zake: disdain.

"Despise" ongeza chuki kwenye contempt. Ni kali sana hilo, usilitumie kwa kitu kidogo. Wanafunzi wengi wanaandika "my friends despise me" wakimaanisha wananidharau kidogo darasani, na mwalimu anaanza kuogopa, wakati walichotaka ni "look down on me".

Kubeza, kukejeli, kuzomea, kudhihaki, kila moja lina lake?

Karibu kila moja, na hapa Kiswahili kinatusaidia kwa vile tunayo mengi vilevile. Kuzomea ni "jeer", linataka kundi na sauti, timu imefungwa na mashabiki wake wenyewe wanaizomea. Kubeza ni "belittle" kama unalifanya jambo lionekane dogo, au "scoff at" kama unalicheka kwamba haliwezekani. Kudhihaki na kukejeli ni "mock" na "ridicule", ila mock mara nyingi ina kuigiza ndani yake, unamuigiza mtu anavyoongea au anavyotembea. "Deride" ni hiyo hiyo ya kwenye maandishi, mtaani hakuna anayeisema. "Disparage" ni kumsema mtu vibaya ili thamani yake ishuke, halihitaji kicheko.

Angalizo dogo la pembeni, "scoff" Uingereza ina maana nyingine ya mtaani, kula kwa pupa. Ukisikia "who scoffed all the biscuits" hakuna aliyezibeza biskuti.

Kusonya na kubinua midomo kunasemwaje?

Kubinua mdomo kwa dharau ni "sneer", na ni neno zuri kwa vile linabeba uso na sauti kwa pamoja: "he sneered at my shoes" unaiona kabisa sura yake. Kusonya, "suck one's teeth" au "kiss one's teeth". Kuzungusha macho, "roll one's eyes". Yule anayekutazama huku nyusi kazipandisha ni "supercilious", na neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini "supercilium" ambalo maana yake ni unyusi, kwa hiyo ukilisahau kumbuka nyusi tu.

"Contemptuous" na "contemptible", nachanganya kila siku.

Contemptuous ndiye anayedharau, contemptible ndiye anayestahili kudharauliwa. Ukimwandikia bosi kwamba tabia ya mteja ilikuwa contemptuous unasema mteja alikuwa na dharau, ukiandika contemptible umemtukana mteja. "Derisive" na "derisory" nazo zina mtego kama huo: kicheko cha dhihaka ni derisive, lakini pesa ndogo kiasi cha kuchekesha ni derisory, "a derisory offer". Hiyo ya pili inatumika sana kwenye migogoro ya mishahara, chama cha wafanyakazi kikiletewa nyongeza ya kichekesho.

Mambo ya mapenzi je, kupigwa chini, kutolewa nje, kupigwa kibuti?

Umetongoza ukatolewa nje: "she turned me down". Mlikuwa pamoja akakupiga chini au kakutosa: "she dumped me", na "ditched" ipo jirani ila ditch inaweza kuwa hata rafiki kakuacha kwenye mataa. Kupigwa kibuti kwa maana ya kuachwa ghafla wakati ulishaahidiwa ndoa ni "jilt", na picha yake maarufu ni bibi harusi au bwana harusi kaachwa kanisani, "jilted at the altar". Kuchuniwa au kukaushiwa, yaani yupo, anakuona, hakusemeshi, ni "the silent treatment", na akipotea kabisa meseji hazijibiwi milele ni "ghosting". Akikupita njiani kama hajakuona Waingereza wanasema "he blanked me".

Mtu asikudanganye utumie spurn kwenye chati. "You spurned me" inasikika kama mtu aliyevaa joho.

Na kutengwa na watu?

"Snub" ni tukio moja: umenyoosha mkono usalimie akapita, au wote wamealikwa wewe umerukwa. "Shun" inaendelea, watu wanakukwepa siku zote. "Cold shoulder" ni ubaridi wa makusudi, "they gave him the cold shoulder". Waingereza wana na msemo wa kumpeleka mtu Coventry, mji wa kwao, "send to Coventry", maana yake wenzake wote wameamua kutomsemesha, na hauhitaji nauli.

"Ostracise" lina historia tamu. Karne ya 5 kabla ya Kristo, wananchi wa Athens walikuwa na kura ya kumfukuza mtu mjini, wanakwangua jina lake kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, kigae kwa Kigiriki ni "ostrakon", na aliyepatikana anaondoka miaka 10, mali zake haziguswi, halafu anaruhusiwa kurudi. Ndo maana hadi leo neno lina harufu ya kundi zima kuamua, mtu mmoja hawezi kuku-ostracise peke yake.

"Boycott" ni jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya bwana mmoja mkubwa huko Mayo, Ireland, na mwaka 1880 wapangaji wa ardhi walipogombana naye juu ya kodi, jamii yote ikamsusia: hakuna wa kumvunia mazao, maduka hayamuuzii, hakuna wa kumhudumia. Mwaka huo huo jina lake likaanza kutumika kama kitenzi kwenye magazeti, na kabla haujaisha mwenyewe alishaondoka Ireland. Kususia, basi, ni boycott, iwe bidhaa, uchaguzi au kikao.

Nimepata barua ya majibu ya maombi ya kazi na sioni neno "reject" popote, nimekubaliwa?

Hapana, pole. Barua hizi zina Kiingereza chao na hakuna hata moja itakayoandika reject. Ukiona "we regret to inform you" usiendelee kutafuta matumaini chini. "Your application has been unsuccessful on this occasion", hiyo "on this occasion" inasikika kama kuna safari nyingine wameshakuwekea nafasi, hamna, ni ulaini tu wa lugha. "We have decided to move forward with other candidates" maana yake wanasonga mbele na wengine, wewe umebaki. "We will keep your details on file", jina lako linabaki kwenye faili, usisubiri simu. Neno la kushika ni "unfortunately", likitokea mwanzoni mwa sentensi habari imeshaisha.

Viza ni tofauti, pale wanaandika wazi kabisa, "refused" ndo neno la kiofisi.

Ya kisheria na ya kiserikali ni yapi?

"Dismiss" mahakama inatupilia mbali rufaa au kesi, na mwajiri anamfukuza mfanyakazi. "Overrule" mkubwa anatengua uamuzi wa mdogo. "Veto" mmoja anazuia peke yake hata kama wengine wamekubali, Kilatini chake ni "nakataza". "Renounce" unaachana na kitu chako mwenyewe mbele ya watu, uraia, kiti cha ufalme, matumizi ya nguvu. "Disown" kumkana mtoto au ndugu. "Repudiate" kukana deni, mkataba au tuhuma kwa nguvu zote, na mzizi wake wa Kilatini "repudium" ulihusu talaka, kwa hiyo kuna hali ya kukata uhusiano humo.

"Contempt of court" ni kuidharau mahakama, na angalia hiyo "of". Kwingine mara nyingi ni "for": contempt for liars, disdain for rules, scorn for the plan. Mwanadiplomasia asiyetakiwa ni "persona non grata", na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unairuhusu nchi kumtangaza hivyo bila kueleza sababu.

Matamshi yana mtego wowote?

Mmoja unaosumbua. "Reject" kikiwa kitenzi uzito uko mwishoni, ri-JEKT, kikiwa nomino uko mwanzoni, RII-jekt, maana yake bidhaa yenye kasoro iliyoondolewa. "Refuse" kitenzi ni ri-FYUUZ, nomino ni REF-yuus, na nomino hiyo maana yake takataka. Kibao kilichoandikwa "refuse only" hakikuombi ukatae kitu.

Kwenye mtihani kama GRE, ule wa kuombea masomo ya uzamili hasa Marekani, yanakujaje?

Kuna swali lenye sentensi ina pengo moja, majibu sita, unachagua mawili ambayo yote yanaipa sentensi maana inayokaribiana. Watu wanafeli kwa kutafuta jozi ya visawe kwenye majibu kabla ya kusoma sentensi, na watungaji wanajua, wanaweka jozi nzuri kabisa ya mtego isiyoendana na pengo. Soma sentensi kwanza, weka neno lako hata la Kiswahili, "kambeza", ndo ushuke kwenye majibu uone nani na nani wanabeza.

"Patronise" ni kudharau au ni kununua?

Vyote. "He patronises that bookshop" ni mteja wake, "don't patronise me" ni usiniongeleshe kama mtoto. Ukiambiwa hiyo ya pili acha kueleza, ulishaeleza sana.